Mlango wa sentimita 60 na viti vya bodi ya shule

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Rhonda, Nakuru. Nina kibanda kando ya barabara, cherehani mbili, na kila mwaka kuanzia baada ya Krismasi hadi katikati ya Januari usingizi wangu ni wa kuibia, maana huo ndio msimu wa sare za shule. Bodi ya usimamizi ya shule anakosoma binti yangu inakaribia kumaliza miaka yake mitatu. Majina ya watakaoingia yameanza kunong'onwa kanisani, sokoni na kwenye steji ya matatu, na kabla hayajaandikwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri nina neno la kusema. Shule yenyewe sitaitaja. Walimu wake wanajituma, na ninavyosikia kwa wateja wanaotoka mitaa mingine, haya ninayoyaeleza hayako kwetu peke yetu.

Binti yangu yuko gredi ya tano. Miguu yake haina nguvu tangu azaliwe, kwa hivyo hutumia kiti cha magurudumu. Ni mtoto wa maneno mengi, hunyamaza tu akiwa amelala. Mwaka jana, muhula wa kwanza, nilianza kuona chupa yake ya maji inarudi nyumbani imejaa. Ni chupa ya nusu lita yenye kifuniko cha samawati. Siku ya kwanza nikadhani amesahau. Siku ya pili nikamkemea. Januari hapa Nakuru jua hupasua midomo na vumbi huingia hadi kwenye uji, na mtoto anarudi jioni na maji yale yale niliyomtilia alfajiri! Siku ya nne alikataa chakula, na usiku mwili ukawaka moto. Kule kliniki walisema ni maambukizi ya mkojo. Daktari akamuuliza kwa upole, "Msichana mzuri, kwani hunywi maji?" Akaniangalia mimi kwanza, kisha akajibu, "Nikinywa nitataka kwenda choo, na choo hakiniingizi."

Kesho yake sikufungua kibanda. Nilitia futi kamba mfukoni nikaenda shule.

Vyoo vyenyewe vilikuwa vipya, vimejengwa kwa pesa za umma mwaka uliotangulia. Vyumba vinane, mabati yanang'aa, na chumba cha mwisho kimechorwa kiti cha magurudumu mlangoni kwa rangi ya buluu. Nilipouona mchoro ule moyo wangu ulitulia kidogo. Nikapima mlango ndani ya fremu: sentimita 60. Nikapima kiti cha binti yangu toka ukingo wa gurudumu hadi ukingo wa gurudumu: sentimita 63. Nikapima tena, nikapata yale yale. Sentimita tatu, Mhariri, kwangu mimi ni pindo la sketi. Ni kitambaa ninachokunja kila siku bila kufikiri, na ndicho kilichomfanya mtoto akae na kiu kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Mbele ya mlango walikuwa wamemwaga saruji ili kiti kipande. Toka chini hadi kizingitini ni sentimita 34 kwenda juu, na mteremko wenyewe ulikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Jirani yangu ni mwashi. Jioni nilimsomea vipimo hivyo, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kwa kiti cha magurudumu, kila sentimita moja ya kwenda juu hutaka angalau sentimita 12 za kwenda mbele. Mteremko ule ulipaswa kuzidi mita nne. Huo waliojenga, mtoto akijisukuma mwenyewe, kiti kinamrudisha nyuma.

Nilipokuwa nimechuchumaa pale na futi kamba yangu, mpishi wa shule alinijia akiwa bado na mwiko mkononi. Aliniambia ni yeye huwa anamnyanyua binti yangu kumpeleka choo, siku akipata nafasi. Siku ambayo maharagwe yamegoma kuiva, hana nafasi. Akaniambia pia kwamba alikuwa amesema tangu mwanzo, kuta zikiwa bado ziko magotini, kwamba mlango ule ni mdogo. Alimwambia fundi. Fundi akamjibu kwamba yeye anafuata ramani, na ramani ilipitishwa na bodi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza bodi ni akina nani.

Kuna kijana mtaani kwetu anayesomea sheria. Alinionyesha kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iko kwenye tovuti ya Kenya Law na yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Nikaenda saiba nikachapishiwa kurasa nilizozitaka, nikazisoma usiku kamusi ikiwa kando, maana Kiingereza cha sheria si kile cha sokoni. Kifungu cha 56 kinataja watakaoketi kwenye bodi ya shule ya umma: watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi, mmoja aliyependekezwa na bodi ya elimu ya kaunti, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na walimu wenzake, watatu wa mfadhili, ambaye kwa shule nyingi za huku ni kanisa, mmoja wa makundi maalum katika jamii, na mmoja wa kuwakilisha watu wenye mahitaji maalum. Hao ni 13, na juu yao mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Mwalimu mkuu ndiye katibu.

Nilipofika kwa huyo mmoja wa mahitaji maalum niliweka kikombe cha chai chini. Kumbe kiti kipo! Kimeandikwa kwenye sheria kwa zaidi ya miaka kumi, na shuleni kwetu kina mtu.

Nilimtafuta. Ni mzee wa heshima, ana biashara mjini, na harambee ikiitishwa yeye hutoa kabla ya wengine. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia soda. Nikamuuliza, "Mzee, shuleni kwetu kuna watoto wangapi wenye ulemavu?" Akafikiri, akasema wawili, labda watatu.

Ni saba. Najua ni saba kwa sababu nguo zao zimepita mikononi mwangu. Kuna mvulana wa gredi ya tatu ambaye mkono wake wa kushoto umeishia kwenye kiwiko. Shati lake nalikata mkono mmoja mfupi na kuupinda vizuri ili usimning'inie wenzake wakauvuta. Kuna msichana mwenye ualbino ambaye mamake huniomba mikono mirefu, kola pana na kofia ya kitambaa kile kile cha sare, ili asije akavuliwa langoni. Kuna mwingine mwenye mguu mmoja mfupi, na suruali yake ina urefu wa aina mbili. Mmoja anapatwa na kifafa, na mamake hataki kifungo chochote shingoni. Wawili hawasikii vizuri. Kwao hakuna cha kubadilisha kwenye nguo, lakini ukiwapima ukiwa nyuma yao wanashtuka, kwa hivyo nimejifunza kuwapima nikiwa mbele, nikiwaangalia usoni. Na wa saba ni wangu.

Mzee yule hakunificha. Alisema aliombwa akubali kiti hicho kwa sababu nafasi ilikuwa tupu na majina yalitakiwa ofisini kufikia Ijumaa. Hakuna aliyemweleza kazi yake ni nini. Ramani ya vyoo ilipowekwa mezani aliuliza bei, kama wenzake walivyouliza bei. Simlaumu kwa kukosa kuona. Mtu ambaye hajawahi kusukuma kiti cha magurudumu kwenye barabara ya mawe hawezi kuangalia mchoro akauona mlango mwembamba. Mimi ningeuona. Mama wa yule mvulana wa mkono mmoja angeuliza komeo la ndani linafungwaje. Huyo ndiye mtu wa kile kiti: mwenye ulemavu mwenyewe, au mzazi anayelea mtoto mwenye ulemavu shuleni humo, na achaguliwe na familia zenyewe zikikaa pamoja. Sisi familia saba tungeenea kwenye benchi mbili za kibandani kwangu. Isichukuliwe kuwa ni kazi kubwa kutuita.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wengine na ya kufika mahali pa umma bila kuzuiwa. Inataka pia, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa na kuteuliwa kwenye vyombo vya umma wawe watu wenye ulemavu. Ukitoa asilimia 5 ya watu 13 hupati hata mtu mzima mmoja. Kwa hivyo kile kiti kimoja ndicho chote tulicho nacho kwenye bodi, na kikishapewa mtu wa kujaza nafasi tunabaki mikono mitupu kwa miaka mitatu.

Sasa nije kwa wale sita wa wazazi, maana hapo ndipo pana uzito zaidi. Niliyasoma maneno ya sheria mara kadhaa. Yanasema watu wa kuwakilisha wazazi. Hayasemi wawe wazazi wa shule hiyo. Kwetu sisi pengo hilo limeingiza wawili. Mmoja, mwanawe wa mwisho alifanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, mara ya mwisho kabisa ulipofanywa, 2023, akaenda sekondari, baba akabaki kitini. Mwingine watoto wake wanasoma shule ya kibinafsi na gari la shule huwachukua nyumbani kila asubuhi. Sina ugomvi na mzazi anayempeleka mtoto kwingine, kila mtu anajua mfuko wake. Lakini maji yakikatika shuleni kwetu, mtoto wake hasikii kiu. Gredi ya saba ilipoletwa kwenye shule za msingi Januari 2023, wasichana wa miaka 13 na 14 wakaanza kushiriki vyoo na watoto wa miaka sita. Ni wazazi wa wasichana hao waliolisema jambo hilo kwanza, tena wakiwa nje ya mkutano, kwa sababu ndani hakukuwa na wa kulisema.

Na jinsi wanavyochaguliwa! Nilikuwepo, kwa hivyo nasema na mimi nikiwa na kosa langu. Mkutano wa wazazi ulianza saa nne, tukasomewa matokeo, tukaelezwa kuhusu pesa za chakula, jua likapanda. Saa saba unusu watoto wadogo wameshaanza kulia, ndipo tukaambiwa kuna jambo dogo la mwisho. Majina sita yakasomwa kutoka kwenye karatasi ambayo tayari ilikuwa imepigwa chapa. "Kama mnakubaliana tuwapigie makofi ya kilo." Tukapiga. Mimi nilipiga huku nimeshasimama, mkoba begani, nikifikiria mteja niliyemwacha kibandani. Makofi yale yalichukua nusu dakika, nasi tukaishi nayo miaka mitatu. Afadhali jambo hilo liwe la kwanza kwenye ajenda, watu wakiwa bado wana subira, na kila anayependekezwa asimame aseme mtoto wake yuko gredi gani. Mtoto akihitimu, kiti kiachwe wazi kijazwe na mwingine.

Wapo watakaosema wazazi wa mitaa yetu hawana kisomo cha kuendesha shule. Nimelisikia neno hilo, tena kwa watu ninaowaheshimu. Mimi niliacha shule darasa la saba mwaka 1999, kwa sababu ya pesa za ujenzi ambazo mama hakuwa nazo. Nilirudishwa nyumbani mara tatu muhula mmoja, mara ya nne sikurudi tena. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo Januari 2003 nilikuwa tayari nakanyaga cherehani ya mtu kwa kibarua, na ni mdogo wangu wa mwisho aliyefaidika. Kwa hivyo najua thamani ya kisomo kuliko anayekihesabu kwa vyeti. Lakini kile choo kilipitishwa na watu wenye vyeti. Aliyeliona kosa ni mpishi.

Wala sisemi bodi ijazwe wazazi watupu. Mtu aliyenisaidia zaidi katika shida hii yote ni mhasibu mstaafu, yule aliyependekezwa na kaunti, ambaye hana mtoto wala mjukuu pale. Yeye huomba kuona risiti. Hulinganisha idadi ya mifuko ya saruji iliyolipiwa na ukubwa wa kazi iliyofanywa, na asipoelewa hasaini. Serikali hupeleka shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi; gawanya kwa wiki za masomo uone ni kama shilingi 36 kwa wiki, ambazo hazitoshi hata kununua daftari nzuri. Pesa nyembamba hivyo zinataka mtu wa macho makali, na macho hayo mimi sina. Ninachotaka ni kwamba mtu wa ujuzi aje kwa kiti cha ujuzi, na kiti cha mzazi akalie mzazi.

Nina neno jingine gumu, na linanigusa mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule nyingine, sare ilibadilishwa katikati ya mwaka kutoka kijani kibichi hadi rangi ya damu ya mzee, na kitambaa hicho kikawa kinapatikana katika duka moja tu. Wazazi walinijia na sketi walizonunua Januari, hazijafuliwa hata mara kumi, wakiniuliza kama zinaweza kutiwa rangi. Mmoja alikuwa na wasichana watatu shuleni humo. Alizitandaza sketi zote tatu kwenye meza yangu, akazilaza moja juu ya nyingine, akazikunja, akaondoka bila kusema kitu. Sijasahau jinsi alivyozikunja.

Ndiyo maana nasema anayeiuzia shule chochote asikae kwenye bodi yake: mwenye duka la sare, mwenye lori la kokoto, anayeleta mahindi na maharagwe, anayechapisha mitihani. Na mimi nimo. Wazazi wenzangu wamenihimiza niingie kwenye kile kiti cha mahitaji maalum, na nimekataa. Karibu nusu ya watoto wa shule ile wamevaa kazi ya mkono wangu. Siku sare inajadiliwa, hata nikisema jambo la haki, hakuna atakayelisikia kama haki. Nimempendekeza mama wa yule mvulana wa gredi ya tatu. Yeye anauza mboga soko la Wakulima, anajua kuhesabu pesa kuliko mimi, na hana cha kuiuzia shule.

Lakini yeye huamka saa tisa usiku kwenda kupokea mboga zinapofika, na kufikia saa nne asubuhi ndio biashara imechanganya. Mikutano ya bodi yetu huitishwa Jumanne saa nne. Nani wa Rhonda, au Kaptembwa, au Free Area anaweza kuacha kibarua Jumanne saa nne? Anayekwenda kiwandani akikosa siku amekosa pesa ya siku, na akikosa siku mbili amekosa kazi. Kwa hivyo wanaobaki kuweza kuketi ni wale wale, wenye biashara zao na waliostaafu, kisha tunaambiwa wazazi wa kawaida hawajitokezi. Jumamosi alasiri ingewaleta. Walimu watasema Jumamosi ni siku yao ya kupumzika, na wana haki. Basi iwe Jumamosi moja kwa muhula, si zaidi.

Kwa kanisa nitasema kidogo kwa sababu ni langu. Shule hii ilianza na watu wa kanisa letu, na sipendi kusikia kiti cha mfadhili kikibezwa. Ila tunapotafuta watu watatu wa kutuma, tusianzie kwa mwenye mchango mkubwa. Tuna akina mama wanaofundisha watoto kila Jumapili, wanaowajua kwa majina na wanaojua ni yupi amekuja bila kula. Hao hawajawahi kutumwa kwenye bodi.

Na wanasiasa watuache. Uchaguzi wa 2027 uko karibu, na kiti cha bodi ni zawadi rahisi ya kumpa aliyekukusanyia watu. Sisi wa Nakuru tuna sababu nyingine ya kuliogopa hilo. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa hapa. Nilijificha siku mbili kwa jirani ambaye si wa kabila langu, na wiki iliyofuata yeye akajificha kwangu. Shuleni kwetu watoto wa Kiluhya, Kijaluo, Kikuyu, Kalenjin na Kisii wanakalia dawati moja. Bodi ikiwa na majina ya upande mmoja, wazazi huliona hilo kabla hawajasoma chochote kingine, na wakishaliona hawaleti tena malalamiko yao kwa bodi, huyapeleka kwa watu wao.

Nimemweka mtoto mwisho, ingawa nilipaswa kuanza naye. Sheria inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi ya kuhudhuria. Nilipouliza kama amewahi kuitwa, niliambiwa hawa ni watoto wa shule ya msingi, wataelewa nini. Mwalimu mmoja akanivuta kando akanionyesha daftari la baraza hilo. Ni daftari la kawaida, jalada limefungwa kwa gazeti. Wiki ile vyoo vilipofunguliwa msichana mmoja wa gredi ya saba alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa kulalia kulia: "Choo cha mwisho mlango ni mdogo. Kiti hakipiti. Tunaomba urekebishwe." Chini yake ameweka tarehe na sahihi. Tarehe hiyo ni miezi minne kabla binti yangu hajaugua. Nililishika daftari lile kwa muda nikikosa la kusema. Mtoto alikuwa amepima kwa jicho akapata jibu nililolipata mimi kwa futi kamba, na alikuwa ameliandika mahali alipofundishwa kuandika.

Mlango ulirekebishwa likizo ya Agosti, baada ya barua tatu na safari mbili za ofisi ya elimu. Mafundi wawili, siku tatu, fremu mpya ya sentimita 90, na mteremko wa mita nne na kidogo wenye chuma cha kushikilia. Sehemu ya gharama ilitoka shuleni na sehemu tulichanga. Mwashi jirani yangu anasema kama ungewekwa hivyo tangu mwanzo, gharama isingezidi ile ya fremu ya kwanza kwa kitu cha maana. Chupa ya kifuniko cha samawati sasa hurudi tupu, na siku nyingine binti yangu hulalamika kwamba nusu lita haimtoshi.

Kwa hivyo ninaiomba bodi ya elimu ya kaunti, inapopokea majina kutoka kwa shule hii na nyingine, isiyapitishe kabla hayajabandikwa kwenye lango la shule kwa wiki mbili, mahali ambapo mama anayemleta mtoto alfajiri anaweza kuyasoma. Kando ya kila jina paandikwe kiti chake: huyu ni wa wazazi, huyu wa kanisa, huyu wa mahitaji maalum. Kando ya wale sita paandikwe gredi anayosoma mtoto wake. Asiye na mtoto pale, nafasi hiyo iachwe wazi, na sisi tutaiona.

Fundi cherehani na mzazi,
Rhonda, Nakuru